Kadi za Mkono zenye Nakshi ya Mwinuko: Namna ya Kuzitengeneza na Hesabu Zake



Katika maghala mengi ya vyama vya msingi vinavyokusanya kahawa kuna kifaa kimoja ambacho hatukitazami mara mbili. Ni kile kibati, au kile kipande cha karatasi ngumu, kilichotobolewa herufi na tarakimu, ambacho karani hukilaza juu ya gunia na kukipaka wino ili alama ya chama ibaki juu ya kitambaa. Kifaa hicho ni kiolezo. Kazi yake ni kurudia alama ileile mara mia au mara elfu bila mwandishi kuchoka na bila herufi kupinda.

Makala haya yanaeleza jinsi kiolezo hichohicho, kikikatwa kwa umbo la tawi la kahawa au la pembe za ng'ombe, kinavyoweza kutumika kutengeneza kadi za salamu na za mialiko zenye nakshi iliyoinuka juu ya karatasi. Yanaeleza pia hesabu ya kazi hiyo, kwa sababu kazi ya mikono isiyohesabiwa huwafilisi watu polepole huku wakidhani wanapata faida.

KWA NINI JAMBO HILI LIMEANDIKWA HUMU

Mtu aweza kuuliza kwa haki: chama cha kahawa kina haja gani na kadi? Jibu limo katika kalenda ya mkulima wetu. Kahawa ya Karagwe na Kyerwa huanza kuvunwa yapata mwezi wa Mei, na fedha zake huingia nyumbani katika miezi inayofuata. Shule hufunguliwa Januari. Kati ya Januari na mavuno kuna miezi ambayo nyumba haina kitu, na ndiyo miezi ambayo butura hupata nguvu. Kila msomaji wa kurasa hizi anajua butura ni nini: kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini, mwenye shida huiuza kwa mwenye fedha kwa bei ya kutupa, na mavuno yanapofika, jasho la mwaka mzima huwa limekwisha kwenda kwa mtu mwingine. Serikali imeikataza biashara hiyo mara nyingi, lakini katazo halinunui sare wala madaftari.

Kadi hazitaondoa butura. Yafaa tuliseme hilo mapema ili asiwepo atakayesema alidanganywa. Lakini aghalabu kinachomsukuma mtu kuuza debe moja au mawili ya kahawa mbichi ni haja ndogo ya fedha taslimu. Kadi za Krismasi na Mwaka Mpya huuzwa Novemba na Desemba, na fedha zake huwa mkononi Januari, yaani wakati hasa ambapo kahawa haina la kutupa.

Sababu ya pili ni wanawake. Katika nyumba nyingi za wilaya hizi shamba la kahawa limeandikwa kwa jina la baba, na kwa hiyo baba ndiye mwanachama. Mama hupalilia, huchuma, huanika na hupepeta, lakini jina lake halimo katika daftari la chama. Kikundi cha kazi za mikono chenye akiba yake na kumbukumbu zake ni njia mojawapo ya kumfikisha katika uanachama kamili, kwa mujibu wa ile kanuni ya ushirika isemayo kwamba uanachama ni wa hiari na uko wazi kwa wote.

ASILI YA KADI NA YA NAKSHI

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa ilitolewa London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa ameshiriki katika kuanzisha posta ya bei nafuu nchini Uingereza mwaka 1840, alikuwa na barua nyingi za salamu kuliko muda wa kuzijibu. Alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, ikachapishwa nakala zipatazo elfu moja, na kila nakala ikatiwa rangi kwa mkono. Zile ambazo Cole hakuzitumia ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1844, katika nchi hiyohiyo, wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale walifungua duka lao la ushirika, ambalo kanuni zake ndizo mzizi wa kanuni tunazozifuata hadi leo.

Kiolezo nacho ni cha kale. Mafundi wa Japani kwa karne nyingi wamekata violezo katika karatasi zilizoimarishwa kwa maji ya tunda, wakapitisha rojo ya mchele katika matundu yake juu ya kitambaa, kisha wakatia rangi. Mahali palipo na rojo hapakushika rangi, na rojo ilipooshwa, ua jeupe lilibaki.

Nakshi iliyoinuka haikutoka mbali. Ng'ambo ya Mto Kagera, mashariki mwa Rwanda, katika nchi iliyoitwa Gisaka, kuna sanaa iitwayo imigongo. Neno lenyewe halihitaji mkalimani, maana ni migongo. Wanawake huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, hufinyanga matuta membamba yaliyonyooka juu ya ukuta au ubao, na yakikauka huyapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi ya huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye mwanzilishi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hiyo ilikuwa karibu kupotea, na waliyoifufua ni wanawake walioungana katika vyama vya ushirika. Leo wageni huinunua kama kumbukumbu ya safari. Sisi tulio upande huu wa mto hatuna sababu ya kuiga michoro ya jirani neno kwa neno, lakini tunayo sababu ya kujifunza kwamba tuta dogo la udongo, likipangwa vizuri, lina thamani.

VIFAA

Vifaa vyote hupatikana Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au katika mji mwingine wowote wenye duka la vifaa vya shule na duka la vifaa vya ujenzi.

1. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A4, yaani milimita 210 kwa 297. Karatasi moja ikikatwa katikati hutoa kadi mbili, na kila moja ikikunjwa huwa na uso wa milimita 105 kwa 148.

2. Bahasha za ukubwa uitwao C6, yaani milimita 114 kwa 162, ambazo hupokea kadi hiyo bila kuibana.

3. Jalada la plastiki la faili, au manila iliyopakwa nta ya nyuki pande zote mbili, kwa ajili ya kiolezo. Plastiki hudumu zaidi. Manila yenye nta hutosha kwa kujifunzia.

4. Wembe au kisu chembamba, rula ya chuma, na kipande cha ubao wa kukatia.

5. Gundi nyeupe ya maseremala.

6. Chaki nyeupe za shule.

7. Kipande cha plastiki kilichonyooka ukingo, mfano wa kadi ya simu ya zamani, kwa ajili ya kusawazishia rojo.

8. Kitambaa chepesi cha kuchekechea, ndoo ya maji, na sifongo.

KUCHORA NA KUKATA KIOLEZO

Mchoro uwe mkubwa na wa mistari michache. Tawi la kahawa lenye majani matatu na vishada viwili vya buni, pembe ndefu za ng'ombe wa asili, mgomba wenye mkungu, mafunjo ya Mto Kagera, au vilima vilivyofuatana, yote hayo yafaa. Uso wa mtu haufai, kwa sababu matundu huwa madogo mno na rojo huziba.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni madaraja. Tazama herufi O au tarakimu 8 juu ya gunia la kahawa, utaona imekatika mahali pawili. Kasoro hiyo haikutokana na uzembe wa karani. Kama duara lingetobolewa lote, kitovu chake kingeanguka na pangebaki shimo tupu. Kwa hiyo mkataji huacha vipande vidogo vya kukishikilia kitovu. Vivyo hivyo katika ua: kila sehemu inayotakiwa kubaki ndani ya tundu ishikwe na daraja lisilopungua milimita mbili. Daraja jembamba kuliko hilo hukatika siku ya kwanza ya kuoshwa.

Chora kwanza kwenye karatasi, paka wino weusi sehemu zitakazotobolewa, kisha laza plastiki juu yake na ukate ukifuata mstari. Anza na matundu madogo ya katikati, umalizie makubwa ya pembeni, maana plastiki iliyokwisha kutobolewa sana hulegea na kuyumba. Geuza plastiki badala ya kugeuza mkono. Wembe ukate kuelekea mbali na vidole, na watoto wasikae karibu na meza hiyo.

Kwa kadi ndogo, unene wa jalada la faili hutosha. Unene wa kiolezo ndio unaoamua kimo cha nakshi, kwani rojo haiwezi kuinuka kupita tundu lililoibeba. Mwenye kutaka nakshi nene zaidi abandike majalada mawili pamoja kabla ya kukata.

KUCHANGANYA ROJO

Saga chaki katika kinu au juu ya jiwe mpaka ziwe unga, kisha zichekeche kwa kitambaa chepesi mara mbili. Fanya kazi hii nje, upepo ukiwa nyuma yako, na ufunge kitambaa puani na mdomoni, kwa maana vumbi hilo halifai mapafuni.

Chukua vijiko viwili vya unga wa chaki na kijiko kimoja cha gundi nyeupe. Koroga polepole bila kupiga, ili mapovu ya hewa yasiingie. Rojo iliyo sawa hushikana na kijiko kinapoinuliwa na huacha ncha isiyoanguka, mfano wa ugali laini wa mtoto. Ikiwa inachuruzika, ongeza unga kidogo kidogo. Ikiwa inakatika kama udongo mkavu, ongeza gundi, usiongeze maji.

Yafaa kueleza kwa nini. Sehemu kubwa ya gundi nyeupe ni maji. Maji yakikauka, chembe za gundi huungana na kuzifunga chembe za chaki mahali pake, kama saruji inavyofunga mchanga. Gundi ikizidi, maji yanayoondoka huwa mengi, na nakshi husinyaa, huzama katikati na kuvuta karatasi. Chaki ikizidi, gundi haitoshi kuzifunga chembe zote, na nakshi hubomoka kadi inapofunguliwa. Hivyo kipimo cha mbili kwa moja ni mahali pa kuanzia tu. Chaki za viwanda mbalimbali hazinywi maji sawasawa, na kila kikundi kijaribu mpaka kipate kipimo chake, kisha kikiandike.

Onyo mbili. Kwanza, usitumie chokaa ya kupakia kuta badala ya chaki. Chokaa hiyo huunguza ngozi na macho, na huharibu karatasi. Pili, usitumie uji wa unga wa muhogo au wa ngano kama rojo ya kuinua nakshi. Huonekana vizuri siku ya kwanza, lakini hupasuka ukikauka, hushika ukungu wakati wa masika, na huwaalika wadudu na panya ndani ya sanduku la bidhaa.

KUPAKA NA KUKAUSHA

Kunja kadi kwanza, kabla ya kupaka, kwa sababu kadi iliyokwisha pakwa haikunjiki bila kuathiri nakshi. Ifungue, ilaze juu ya meza iliyonyooka, na uweke kiolezo juu ya uso wake wa mbele. Kibandike kwa vipande viwili vya gundi ya karatasi ili kisisogee.

Weka rojo kando ya matundu. Kwa ukingo wa kipande cha plastiki, ukikiinamisha kidogo, ivute rojo juu ya matundu yote kwa mvuto mmoja, kisha ivute mara ya pili kuondoa ziada. Usirudi nyuma na mbele mara nyingi, maana rojo itasukumwa chini ya kiolezo na kingo za ua zitachafuka. Rojo iliyobaki irudishwe chomboni na chombo kifunikwe.

Ondoa vibandiko, shika kiolezo kwa pembe mbili, na ukiinue juu wima kwa mwendo mmoja. Anayekivuta kwa upande huburura ua lote. Baada ya kadi tatu au nne, tia kiolezo katika ndoo ya maji na ukisugue kwa sifongo. Rojo ikikaukia humo, matundu hupungua na kiolezo huwa kimekwisha.

Kukausha hatuhitaji kufundishana. Mkulima anayejua kwamba kahawa ianikwe kwa safu nyembamba, iinuliwe kutoka ardhini na kulindwa na mvua, anajua tayari namna ya kukausha kadi. Zipange kivulini juu ya kichanja au chekecheke, moja moja, zisigusane. Jua kali hukausha uso kabla ya ndani, na ufa hutokea. Kwa hali ya hewa ya vilima vyetu, ziache zikae usiku kucha. Katika miezi ya mvua ziache siku nzima na usiku wake. Nakshi iliyokauka haina ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole. Kisha weka kadi kati ya karatasi mbili safi chini ya ubao mwepesi ili zinyooke.

RANGI

Rangi za maji za dukani hufaa, lakini rangi za nyumbani zina mvuto wake na gharama yake ni ndogo. Masizi yaliyochekechwa hutoa nyeusi. Udongo mwekundu uliokaushwa, ukasagwa na kuchekechwa mara tatu, hutoa nyekundu ya matofali. Chaki yenyewe ni nyeupe. Rangi hizo tatu zaweza kuchanganywa ndani ya rojo kabla ya kupaka, kwa kiasi kisichozidi nusu kijiko kwa vijiko viwili vya chaki, au kupakwa juu ya nakshi iliyokauka kwa brashi, zikiwa zimechanganywa na gundi iliyozimuliwa kwa maji. Anayechanganya ndani hupata kadi zenye rangi sawa na hupunguza kazi ya mtu mmoja.

Kila kundi jipya la udongo au masizi lijaribiwe kwa kusugua kadi kavu na kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, gundi haikutosha. Mteja ambaye kanzu yake imepakwa masizi na kadi ya harusi hatarudi.

HESABU

Ndugu zangu, hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Wahenga wa ushirika husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tufanye hesabu ya kadi 100. Bei zilizotumika ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke bei za duka lake.

Manila 50 kwa shilingi 200: shilingi 10,000.
Bahasha 100 kwa shilingi 100: shilingi 10,000.
Gundi: shilingi 6,000.
Chaki: shilingi 2,000.
Rangi: shilingi 3,000.
Wembe: shilingi 1,000.
Plastiki ya violezo: shilingi 2,000.
Jumla ya vifaa: shilingi 34,000.

Katika kadi 100, tuseme 10 zimeharibika, kwa hiyo za kuuza ni 90. Kikundi kikiuza kila kadi kwa shilingi 700, kitapokea shilingi 63,000. Ukiondoa vifaa, hubaki shilingi 29,000, na watu hupiga makofi wakisema hiyo ni faida.

Sasa tuulize swali ambalo halikuulizwa. Kazi hiyo imefanywa na nani? Tuseme akina mama watatu wamefanya kazi siku mbili, yaani siku sita za kazi. Ikiwa kibarua wa shamba pale kijijini hulipwa shilingi 6,000 kwa siku, jasho lao ni shilingi 36,000. Ukijumlisha na vifaa, gharama halisi ni shilingi 70,000, na kila kadi nzuri imegharimu shilingi 778. Iliyouzwa kwa shilingi 700 iliuzwa kwa hasara ya shilingi 78, na hasara hiyo ililipwa na wale akina mama kimyakimya, kwa kupokea shilingi 4,833 kwa siku badala ya 6,000. Kama wangekwenda kupalilia shamba la jirani wangepata zaidi.

Kadi hizo zikiuzwa kwa shilingi 1,200, mapato ni shilingi 108,000. Baada ya kulipa vifaa na jasho, hubaki ziada ya shilingi 38,000 ya kununua manila za awamu ijayo na kuweka akiba. Ikiwa soko halikubali shilingi 1,200, basi kuna njia mbili tu za haki: kupunguza kadi zinazoharibika na siku za kazi, au kuacha. Njia ya tatu, ya kumwambia mama avumilie, si ushirika.

SOKO

Tusijidanganye kuhusu soko. Simu ya mkononi imechukua kazi kubwa ya kadi za salamu. Mwana aliyeko Dar es Salaam aliyekuwa akituma kadi ya Krismasi kwa posta siku hizi hutuma ujumbe na fedha kwa simu, na mzazi hafikirii kadi. Kadi ya kawaida ya dukani haina nguvu tena ya kushindana.

Yako masoko matatu yanayobaki. La kwanza na kubwa ni sherehe zetu wenyewe: harusi, kuaga binti, kipaimara, jubilei na mahafali. Kila kamati ya harusi hutoa kadi za mchango na za mwaliko, na ingawa nyingine sasa hutumwa kwa simu, familia nyingi bado huona kwamba mgeni wa heshima huletewa kadi mkononi. Fedha za kadi hizo mara nyingi huishia kwa wachapaji wa mijini. Hapa faida ya kiolezo ni kubwa, kwa sababu familia yaweza kuagiza kadi 60 zenye herufi za majina ya maharusi bila gharama ya mtambo. Oda hulipiwa nusu kabla ya kazi kuanza.

La pili ni wageni. Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilitangazwa mwaka 2019, na Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe ambako Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861, ni mahali pa historia. Idadi ya wageni wa kununua kadi isikadiriwe kwa matumaini. Peleka kadi 20 katika nyumba ya wageni, rudi baada ya mwezi, uhesabu.

La tatu ni wanunuzi wa kahawa yenyewe. Mnunuzi wa nchi za nje anayepokea sampuli ya kahawa ikiwa na kadi iliyotengenezwa na watu wa chama kilekile huikumbuka. Kadi hizo hazimletei mama fedha isipokuwa chama kimezinunua kwa bei kamili. Zisichukuliwe bure kwa kisingizio cha kuitangaza wilaya.

Katika kufungasha, kumbukeni kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kadi tano zilizofungwa kwa ukanda wa karatasi au wa nyuzi za mgomba huonekana vizuri na hazina kosa. Kadi inayokwenda kwa posta iwekewe kipande cha karatasi ngumu ndani ya bahasha ili nakshi isivunjike.

NAFASI YA CHAMA

Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kilipoundwa mwaka 1990, Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja. Kyerwa ilipata hadhi yake ya wilaya mwaka 2012. Mpaka wa utawala uligawanyika, lakini kahawa haikugawanyika, na shida za miezi mitupu ni zilezile Kaisho na Nyaishozi. Katika kazi hii, kila kamati ya chama cha msingi izingatie mambo manne.

Kwanza, fedha za malipo ya kahawa zisiguswe. Fedha hizo ni mali ya mkulima aliyeleta mazao. Mtaji wa kikundi utokane na viingilio vyao wenyewe, au na mkopo ulioidhinishwa na mkutano mkuu kwa mujibu wa masharti ya chama na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Pili, kianze kidogo. Kadi 30 za majaribio zitengenezwe na kuuzwa zote kabla ya kununua rimu ya manila.

Tatu, madaftari yawe matatu: la vifaa, la siku za kazi likionyesha nani alifanya siku ngapi, na la mauzo. Mkaguzi atakapofika, daftari la kazi ndilo litakalomwonyesha kama kikundi kinaishi kwa kazi yake au kwa jasho lisilolipwa.

Nne, chama kitoe kile ambacho tayari kinacho: kona ya ghala yenye paa wakati kahawa haijaanza kuingia, meza, na karani wa kufundisha kuandika vitabu. Vitu hivyo havikipunguzii chama shilingi hata moja, na kwa kikundi cha akina mama watano ndivyo vinavyokosekana.

Wanaotaka kuuza kadi Desemba hii wakate violezo vyao mwezi wa Agosti, wafanye majaribio Septemba, na waanze kupaka Oktoba, wakikumbuka kwamba miezi hiyo ya vuli ina mvua na kadi huchelewa kukauka. Makatibu na waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao wa wanachama, na siku hiyo wake wa wanachama nao waalikwe, wasikie hesabu hizi kwa masikio yao na kuzihakiki wenyewe.